Ulinganisho: sinema tatu za mapenzi na kusahau, ipi niwashe kibandani Jumamosi?

Kijana_wa_Malaba

Habari zenu wanajamvi, naombeni akili zenu maana mjomba ananiangalia vibaya tangu wikendi. Tuna kibanda chetu cha sinema hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, karibu na foleni ya malori, kila siku ni mpira na sinema za ngumi za VJ, yule mtafsiri anayeongea juu ya sinema kwa maiki, mabenchi yanajaa madereva na matanboi na vijana wa kupakua mizigo. Nikamwambia mjomba tujaribu usiku mmoja wa wapenzi, elfu mbili kwa watu wawili, wanawake nao waje waone kibanda si cha wahuni tu. Akakubali shingo upande. Nikaenda laibrari, duka la sinema, nikawekewa kwenye flashi 50 First Dates, ile ya Adam Sandler na Drew Barrymore ya 2004, iliyotafsiriwa na VJ kwa Kiganda, nikajua hapo nimemaliza kazi.

Sasa sikilizeni. Nusu ya kibanda ilicheka mpaka benchi moja likavunjika mguu, nusu nyingine ikanuna. Kuna mama anauza chai hapa karibu na geti, sinema imefika katikati akasimama, kivuli chake kikakaa kwenye skrini nzima, akasema huyu mwanamume ni mwongo, kila siku anamdanganya mgonjwa na nyinyi mnacheka, nirudishieni elfu yangu. Mumewe akabaki amekaa kimya na elfu yake. Nikamrudishia. Mjomba sasa anasema mambo ya mapenzi basi, turudi kwa ngumi, nimeomba Jumamosi moja tu ya kujitetea.

Nina tatu kichwani. Kurudia hiyohiyo lakini bila VJ, au The Vow ya 2012, au Overboard, na hiyo nayo ziko mbili, ya 1987 na ya 2018. Zote mtu anapoteza kumbukumbu halafu mapenzi yanaingia hapo katikati. Aliyezitazama aniambie ukweli, msinipambe.

Fundi_Flashi

Mkuu mimi nina laibrari na nakwambia kibiashara, The Vow iache. Nilimwekea mteja nikamwambia ni komedi ya mapenzi, kesho yake amerudi na flashi ananiuliza kicheko kiko wapi. Overboard ya 2018 ndiyo inaenda, hasa kwa watu wa kazi za mikono kama hao wako. Tajiri ambaye hajawahi kushika hata kijiko chake anapoteza kumbukumbu, anaamshwa alfajiri kwenda kujenga mabwawa ya kuogelea, anaambiwa hii ndiyo kazi yako ya siku zote, mikono imejaa malengelenge, anatafuta wapi pa kulala anaoneshwa stoo. Wapakuaji wa Malaba watakufa kwa kucheka.

MamaTwins_Ntinda

Mimi niko upande wa mama chai moja kwa moja. Hiyo 50 First Dates niliipenda nikiwa chuo, juzi nimeirudia na mume wangu nikajikuta nimekunja uso. Fikirieni vizuri jamani, Lucy, yule msichana aliyeumia kichwa kwenye ajali ya gari, kila asubuhi anaamka anajua leo ni tarehe 13 Oktoba, siku ya bethdei ya baba yake, ajali haijui, miezi iliyopita haijui. Henry, mwanamume anayemtaka, yeye anakumbuka kila kitu, jana alisema nini akachekwa, juzi alifanya nini akapigwa kofi, leo anakuja amerekebisha. Huyo anafanya mtihani na majibu yako mfukoni! Halafu akifaulu tunapiga makofi eti mapenzi. Msichana wa watu yeye anakutana na mtu mgeni, hajui kwamba mgeni anajua waffles anazopenda na jinsi anavyozipanga kama nyumba kwenye sahani.

Na Overboard ya 1987 ndiyo usithubutu. Mwanamke tajiri anaanguka baharini kutoka kwenye yoti, anapoteza kumbukumbu, fundi seremala ambaye huyo tajiri alikataa kumlipa dola 600 anakwenda hospitali anasema huyu ni mke wangu, anampeleka nyumbani akampikie na kuwafulia watoto wanne. Kwetu hiyo ingeitwa kesi ya polisi, si komedi. Goldie Hawn na Kurt Russell wanapendeza sana pamoja, na kweli ni wapenzi mpaka leo nje ya sinema, ila hadithi yenyewe mmmh.

Nubi_wa_Bombo

Mama Twins salaam, lakini umesahau nusu ya sinema, au na wewe uliamka tarehe 13 Oktoba? 😂 Huyo Henry anafeli zaidi ya anavyofaulu. Siku ile anajifanya anapigwa barabarani ili Lucy amwonee huruma, Lucy anashuka na fimbo ya besiboli anamkimbiza yule rafiki yake, ile kipande peke yake ni hela yangu imerudi. Na anayeanza kudanganya si Henry, ni baba mtu na kaka mtu. Wao ndio kila usiku wanarudia kupaka rangi nyeupe ukuta ambao Lucy ameuchora mchana, wanamletea gazeti lilelile, keki ileile, wanatazama sinema ileile jioni na wanashtuka palepale kama hawajui mwisho wake. Mwaka mzima! Mimi mdogo wangu akirudia stori mara mbili natoka nje.

Kwa hiyo kama ni uongo, ni uongo wa nyumba nzima, na nyumba nyingi ninazozijua zinaishi hivyo hata bila ajali.

Mzee_Kasese

Vijana shikamooni mnapaswa kuniambia nyinyi, lakini haya. The Vow mnaionea bure. Mimi na mama yenu tuliitazama yote, hatukulala, na hatukuhitaji mtu wa kutupigia kelele juu yake. Gari limesimama kwenye theluji, lori linawagonga kwa nyuma, mke anapita kwenye kioo cha mbele, akiamka anamuuliza mumewe wewe ni daktari? Miaka kama mitano imefutika, mume mwenyewe yumo humohumo ndani ya iliyofutika. Anamkumbuka mchumba wa zamani, mume hamjui. Sasa utafanya nini? Leo, ndiyo jina la huyo mume, hakwenda kumdanganya mtu. Alijaribu, alishindwa, akaweka sahihi kwenye talaka.

Na imetokana na watu wa kweli, Kim na Krickitt Carpenter wa Marekani, walipata ajali mwaka 1993 wiki chache tu baada ya harusi. Kumbukumbu za mke kuhusu mume hazikurudi kamwe. Wakachumbiana upya, wakafunga ndoa ya pili 1996. Hiyo ndiyo ya kuwaonesha wapenzi, hiyo ya keki kila siku ni mchezo wa watoto.

Fundi_Flashi

Shikamoo mzee. Hakuna anayebisha kwamba ni nzuri, ila mzee, wewe ulikuwa kwenye kochi lako na mama, huku mtu ametoka kupakua simenti tangu asubuhi, saa tatu usiku unamwonesha watu wanaongea polepole kwenye mkahawa wa Chicago. Atakoroma, na akikoroma kibandani kila mtu anamtazama yeye, sinema imekwisha hapo.

Gulu_Stendi

Kuna mtu ametazama Eternal Sunshine of the Spotless Mind? Nayo ni ya 2004, Jim Carrey, wapenzi wanalipia kampuni iwafutie kumbukumbu za kila mmoja. Ilichukua Oscar ya uandishi.

Nubi_wa_Bombo

Tumeitazama, usimpelekee mtu wa Malaba, mjomba atauza kibanda.

Nesi_Mbale

Nimesoma kimya nikashindwa kunyamaza. Mimi ni nesi, nimefanya wodi ya majeruhi wa vichwa, kwa hiyo hizi sinema nazitazama kwa jicho moja limefumba. Huo ugonjwa wa Lucy wanaouita Goldfield wameutunga, haupo kwenye kitabu chochote. Mtu aliyepoteza uwezo wa kushika mambo mapya hashiki siku nzima vizuri halafu usingizi ukafuta, anapoteza ndani ya dakika. Mnamkumbuka yule mgonjwa mwingine, Tom wa sekunde kumi, anayesahau kila baada ya sekunde kumi, ambaye mnamcheka kuliko wote? Huyo ndiye yuko karibu na ukweli kuliko Lucy, ila wamemzidisha.

Yupo mgonjwa maarufu sana, Henry Molaison wa Marekani, 1953 walimpasua kutibu kifafa wakaondoa sehemu ya ubongo inayoitwa hipokampasi, kulia na kushoto. Toka siku hiyo mpaka anafariki 2008 hakuweza kuhifadhi jambo jipya, daktari akitoka chumbani akirudi anajitambulisha upya. Lakini mtafiti mmoja, Brenda Milner, alimpa zoezi la kuchora nyota huku anaitazama kwenye kioo, siku ya kwanza mistari inapotea ovyo, siku ya pili afadhali, siku ya tatu safi, na kila siku anasema zoezi hili sijawahi kuliona. Mkono unajua, yeye hajui. Kwa hiyo pale mwishoni Lucy anapochora sura ya Henry chumba kizima wakati hamjui Henry ni nani, watu wanasema ni uchawi wa Hollywood, mimi hapo ndipo nilipoamini kidogo. Kidogo tu, maana mkono kujifunza mstari ni kitu kimoja, na sura ya mpenzi ni kitu kingine.

Na kichekesho ni hiki, mwaka 2010 watafiti Marekani waliandika kuhusu mwanamke aliyepata ajali ya gari akawa anasema kila akilala anafuta siku nzima, sawasawa na Lucy. Wakamchanganyia kwa siri picha za jana na za leo, akazitambua za jana vizuri bila kujijua. Kumbe alikuwa ameshaitazama hiyo sinema kabla. Hakuwa anaigiza kwa makusudi, akili yake yenyewe ilichukua umbo la alichokiona.

MamaTwins_Ntinda

Nesi umenimaliza. Yaani sinema ikamwambukiza mtu ugonjwa ambao haupo!

Binti_Mukono

Jamani mimi naongea kama mtu ambaye hii kitu imeingia kwetu. Kaka yangu alianguka na boda njia ya Seeta, helmeti ilikuwa imening'inia kwenye usukani, si kichwani. Akakaa hospitali, akarudi nyumbani, na kwa muda mrefu hakushika kitu. Akiamka swali la kwanza simu yangu iko wapi. Mama anamjibu. Baada ya chai, simu yangu iko wapi. Mama anamjibu tena kwa sauti ileile kama ndiyo mara ya kwanza, sijui alikuwa anaitoa wapi hiyo sauti, mimi nilikuwa namfokea.

Baba alikuwa mwanajeshi, nyumbani tunaongea Kiswahili, akachukua karatasi ya manila akaandika kwa maka nyeusi akabandika ukutani mbele ya kitanda. ULIANGUKA NA BODA. SIMU IRIPOTEA. MGUU UTAPONA. MAMA YUKO SOKONI. Kaka akaamka akasoma, akalia kidogo, halafu akaomba kalamu akakata hiyo IRIPOTEA akaandika ILIPOTEA juu yake. Sasa kuanzia kesho yake kila akiamka anasoma mpaka hapo, anasimama, anauliza nani amesahihisha hapa? Tukimwambia hatujui, anatikisa kichwa anasema huyo mtu ana akili. Kila siku! Mama anakimbilia jikoni kucheka, anarudi amenyoosha uso.

Kwa hiyo ile sehemu Henry anamwekea Lucy kanda ya video asubuhi imwambie ulipata ajali, haya ndiyo yaliyotokea, mimi ndipo nilipotoka kwenye kucheka nikaingia kwenye machozi, nikarudi tena kwenye kucheka. Mama Twins naelewa unachosema kuhusu majibu mfukoni, lakini angalia sinema inapogeukia. Siku askari anamwandikia faini kwamba stika ya gari imekwisha, Lucy anabisha, anakimbilia magazeti mengine pale, anaona tarehe. Kuanzia hapo Henry anaacha kubahatisha, anamwambia ukweli kila asubuhi, na Lucy anaamua mwenyewe, hata anamfukuza na kumfuta kwenye shajara yake ili asimzuie maisha yake. Huyo si mtu wa kudanganywa tena.

Kaka yangu sasa yuko vizuri, anaendesha duka. Hiyo manila bado tunayo, yeye hataki tuitupe na hakumbuki hata siku moja ya kuisoma.

MamaTwins_Ntinda

Pole sana dada, na asante. Kwa hiyo mama chai aliondoka kabla ya hapo kwenye askari au baada? Maana kama ni kabla, aliona nusu ya uongo tu.

Kijana_wa_Malaba

Kabla. Na sasa ndiyo nafikiri, hata angebaki asingeiona hiyo sehemu. VJ aliizungumzia juu! Lucy anashika gazeti mkono unatetemeka, VJ anasema angalieni huyu anatafuta matokeo ya kubeti. Watu wakapasuka. Kwa daktari vilevile, sikusikia daktari alisema nini. Ila nimtendee haki, yule Tom wa sekunde kumi alimbatiza mheshimiwa mbunge, kila Tom akisahau VJ anasema ndiyo hivyo, kampeni imekwisha, hapo hata mjomba alicheka.

Nubi_wa_Bombo

Hahaha mheshimiwa! Hiyo tu ni elfu mbili. Lakini unaona sasa, watu humu tunabishana na kila mmoja ametazama sinema yake. Mzee Kasese alisoma maandishi ya chini kwenye kochi, wa Malaba walimsikiliza VJ. Mimi mwenyewe nilipoiona ya kawaida mara ya kwanza nilishangaa kuna muziki mle ndani.

Fundi_Flashi

Msiwalaumu ma-VJ, bila wao nusu ya Uganda ingekuwa inatazama midomo. Kumbukeni walianzaje, mtu amesimama kando ya televisheni na maiki, anatafsiri papohapo, akikohoa mnangoja. Ila kweli VJ wa ngumi ukimpa mapenzi anaona ukimya ni hasara.

Halafu swali, hapo Malaba wangapi wanaelewa Kiganda vizuri? Una Wateso, una Wasamia, madereva Wakenya, Wasomali, Warundi. Wote wanaongea Kiswahili.

Nesi_Mbale

Kijana si ushike maiki mwenyewe? Weka ya kawaida, wewe tafsiri kwa Kiswahili, chekesha unavyotaka, ila sehemu mbili unyamaze, kwenye gazeti na kwenye chumba cha picha.

Na kama utaweka Overboard ya 2018 siku nyingine mimi nitakuja kutoka Mbale, maana yule mwanamke anasomea unesi huku analea mabinti watatu na kusafisha mazulia ya watu, tajiri akakataa kumlipa akamsukuma baharini na mashine zake, naye tajiri alipopoteza kumbukumbu mwanamke akamwambia wewe ni mume wangu. Najua kumdanganya mgonjwa ni kosa, kazini ningefukuzwa, lakini huyo nilimsamehe kwenye dakika ya kumi.

MamaTwins_Ntinda

Ahaa, kwa hiyo mwanamke akidanganya unasamehe, mwanamume akidanganya kesi 😂 haya nimejikamata mwenyewe, maana na mimi ile ya 2018 nilicheka tu. Nadhani ni kwa sababu tajiri ndiye aliyeshushwa. Kwenye ya 1987 pia tajiri ndiye anashushwa lakini anashushwa jikoni, na jikoni huko mimi niko kila siku, sioni cha kuchekesha.

Mzee_Kasese

Bado nasema The Vow.

Kijana_wa_Malaba

Mzee nimekusikia, nakuwekea siku ya wiki, mvua ikinyesha watu wachache.

Haya leteni masikio. Leo asubuhi nimekwenda kunywa chai kwa yule mama, nilitegemea anitie chumvi badala ya sukari. Akamimina, akanipa na chapati, akasimama pale ameshika birika hajaondoka. Akaniuliza, yule msichana, mwisho alipona? Nikamwambia mama, ulisema ni ya uongo. Akasema ya uongo ni yule mwanamume, mimi nauliza msichana. Tangu Jumamosi anamuuliza mumewe mwisho ukoje na mumewe anasema hakumbuki, alikuwa anacheka.

Sikumwambia. Nimemwambia Jumamosi hii saa mbili usiku, nitatafsiri mimi mwenyewe kwa Kiswahili na VJ simleti. Akasema elfu niliyomrudishia bado iko kwenye kopo, atakuja nayo hiyohiyo. Kwa hiyo ni 50 First Dates tena, ya kawaida, mimi kwenye maiki. Mjomba anasema nikikohoa kohoa ananikata spika. Overboard ya 2018 inafuata tukibaki hai.

Nubi_wa_Bombo

Mheshimiwa mbunge usimtoe tafadhali.

Kijana_wa_Malaba

Mbunge yumo. Nimemuongezea na king'ora.

Gulu_Stendi

Hiyo elfu mbili ya watu wawili soda iko ndani?

Kijana_wa_Malaba

Soda ni mfuko wako. Na uje na stuli, lile benchi bado halijapigiliwa mguu.